Popo, Mbuyu na Mapango Yetu: Mambo Ambayo Kila Mkazi wa Kilifi Anafaa Kujua

Mabuyu ni chakula na pia ni mapato kwa familia nyingi za Kaunti ya Kilifi. Huuzwa sokoni, kando ya barabara na karibu na shule yakiwa yametiwa sukari na rangi. Hata hivyo, zao hili hutegemea mnyama ambaye wengi humfukuza kwa mawe na moshi: popo.

Ua la mbuyu hufunguka jioni na kunyauka siku inayofuata. Ni kubwa, jeupe, lina harufu kali na huning'inia likitazama chini. Giza linapoingia, popo wa matunda huja kunywa maji matamu yaliyomo. Unga wa ua, yaani chavua, hunata kwenye manyoya yao, nao huupeleka hadi mbuyu mwingine. Mbuyu huhitaji chavua ya mti mwingine ili uzae vizuri. Ndiyo maana popo wakipungua, mabuyu nayo yanaweza kupungua.

Aina za popo

Kenya ina zaidi ya aina 100 za popo. Wapo wanaokula matunda, ambao pia hutawanya mbegu za miti kama mikuyu, mikungu na mwarobaini. Wengine, ambao ndio wengi zaidi, hula wadudu. Miongoni mwa wadudu hao ni nondo ambao viwavi wao hushambulia mimea shambani. Popo si vipofu kama inavyosemwa. Wale wa wadudu hutoa sauti nyembamba isiyosikika na binadamu, kisha hutambua kilicho mbele yao kwa mwangwi unaorudi.

Baadhi ya popo hulala mitini au kwenye mapaa, lakini wengi hutegemea mapango ya mwamba wa matumbawe yaliyo katika ukanda wa pwani, yakiwemo ya Watamu. Mwaka 1909 wanasayansi walitangaza aina mpya ya popo waliyoipa jina la Taphozous hildegardeae, kutokana na popo aliyepatikana Rabai. Popo huyu anajulikana Kenya na Tanzania pekee, na hutegemea sana mapango ya pwani.

Popo wengi wa mapangoni huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Moto ukiwashwa pangoni, au watu wakiingia kwa kelele na kurunzi kali, mama huruka na mtoto anaweza kuanguka na kufa. Kundi lililopungua kwa siku moja linaweza kuchukua miaka mingi kurudi lilivyokuwa.

Je, popo huleta magonjwa?

Hofu hii ina msingi. Virusi vya Marburg huishi ndani ya aina moja ya popo wa matunda wanaolala mapangoni. Mwaka 1980 na 1987, wagonjwa wawili wa Marburg nchini Kenya walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon kabla ya kuugua.

Lakini kuua popo si dawa. Mwaka 2007, wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliambukizwa Marburg. Baadaye popo wa mgodi huo waliangamizwa. Popo wengine walihamia humo, na mwaka 2012 watafiti waliwapima. Waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 13.3, ilhali kabla ya mauaji hayo walikuwa asilimia 5.1. Mwaka huohuo, ugonjwa ulizuka tena katika wilaya jirani. Kinga iliyo bora ni kutowagusa na kutowasumbua.

Wakazi wanashauriwa:

• Kutoshika popo kwa mikono, awe hai au amekufa, na kuwakanya watoto wasimchezee.
• Aliyeumwa au kukwaruzwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.
• Kutupa matunda yaliyoliwa nusu na popo, na kuosha mengine kabla ya kula.
• Kuchuma maembe yakisha kukomaa, kabla hayajaivia mtini, au kufunika mti kwa wavu.
• Kutowasha moto wala kuchoma takataka ndani ya mapango.
• Kwa popo walio darini, kusubiri hadi watoto waweze kuruka, kisha kuziba matundu usiku baada ya wote kutoka.
• Kulowesha kinyesi cha popo kwa maji na kuvaa barakoa na glavu kabla ya kukisafisha, kwani vumbi lake linaweza kudhuru mapafu.

Popo ni wanyamapori, nao wako chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Mkazi anayesumbuliwa na kundi la popo asitumie sumu wala moto. Apige ripoti katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu naye ili apate ushauri.