Kompyuta Ikiwa Stesheni Masta, Tuchague Programu Gani?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimu wetu wapendwa nanyi wanafunzi wenzangu, leo naomba radhi niwapinge wahenga kidogo, kwani katika jambo hili asiyechagua ndiye atakayejuta.

Reli sisi wa Eldoret twaijua. Ilifika mjini hapa mwaka wa 1924, baada ya kupanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ni njia moja tu, kwa hivyo treni inayopanda na inayoteremka hupishana stesheni. Stesheni masta wasipoelewana, ni maafa. Sasa tuseme chama chetu kinaunda mfano mdogo wa njia hiyo juu ya meza, Timboroa hadi Eldoret, treni mbili, na kompyuta ndiyo stesheni masta. Tutahitaji programu. Ipi?

Kwanza tufahamu mambo yanavyokwenda. Reli nyingi za mfano siku hizi hutumia mfumo uitwao DCC. Umeme na amri hupita pamoja kwenye reli, na kila injini ina namba yake kama mwanafunzi katika rejista. Ukiita namba 3, namba 7 hainyanyuki. Amri hizo hutoka katika kisanduku kilicho kati ya kompyuta na reli.

Basi swali la kwanza ni hili: je, programu inaelewana na kisanduku chako? Ukinunua kabla ya kuuliza, pesa zako zimeenda na maji.

Swali la pili ni la mfuko. TrainController, ya Ujerumani, ni hodari wa kuendesha treni nyingi kwa ratiba, lakini huuzwa, tena hutaka Windows. JMRI ni ya bure. Hukubali Windows, macOS na Linux, kwa hivyo huenda hata kompyuta kuukuu ya maabara ikaiweza. Sehemu yake moja, DecoderPro, huipa injini namba na tabia zake. Nyingine, PanelPro, hukuchorea ramani ya reli na taa za ishara.

Swali la tatu ndilo wengi hulisahau. Kompyuta haina macho! Treni ikikwama mlimani, programu itajuaje? Itaruhusu nyingine ije, na hapo, hamadi! Zimegongana. Dawa yake ni kuigawa reli vipande na kukipa kila kipande kitambuzi cha kusema "treni iko hapa." Mfano wetu unataka vipande 5: njia mbili katika kila stesheni, na moja ya katikati. Na stima ikipotea? Ikirudi, usiiamini kompyuta mara moja. Tazama kwa macho yako kila treni iko wapi, ndipo uanze.

Kwa maoni yangu, tuanze na JMRI, pamoja na kisanduku cha kujitengenezea kwa Arduino Mega na programu ya DCC-EX, ambayo pia ni ya bure. Shilingi zetu chache ziende kwa vitambuzi. Afadhali programu ya bure inayoona kuliko ya bei ghali iliyo kipofu.

Haya, nani yuko tayari kuleta mbao za meza?