Bati Angavu: Mwanga Unaoingia kutoka Paani

Bati angavu ni bati la plastiki au la nyuzi za kioo, lililotengenezwa kwa migongo ileile ya bati la chuma, ambalo hupachikwa kwenye paa ili jua limulike chumba kutoka juu. Katika kata ya Kang'ata wilayani Handeni, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Uzigua hadi Korogwe, hii ndiyo njia nyepesi ya kupata mwanga wa paani. Nyumba nyingi zimeacha nyasi na kuezekwa kwa bati, lakini kuta za udongo na fito zimebaki na madirisha madogo. Udogo huo una sababu: ukuta wa udongo haupendi tundu pana, na dirisha dogo humzuia mwizi. Hasara yake ni chumba cha ndani kinachowashiwa kibatari saa sita mchana, jua likiwa juu ya paa hilohilo.

Handeni iko takriban nyuzi 5 na nusu kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo tundu la paani hupokea mwanga mwingi, na joto pia. Bati moja hutosha chumba cha kawaida. Mawili hugeuza chumba kuwa tanuri. Chumba cha kulala kisiwekewe bati angavu kwenye mteremko wa magharibi, kwa kuwa jua la alasiri hukichemsha hadi usiku. Bati lenye weupe wa maziwa ni bora kuliko lililo wazi kama kioo: hutawanya mwanga chumba kizima badala ya kuchoma sehemu moja ya sakafu.

Kazi hii hufanywa kiangazi, baada ya masika au kabla ya vuli. Kwanza hulinganishwa migongo. Bati angavu la mgongo mdogo halikai na bati la mgongo mpana, na fundi anayelilazimisha huacha mwanya ambao hakuna gundi itakayouziba kwa muda mrefu. Kisha huja jambo linaloamua kila kitu, yaani mpandano. Bati la juu hulalia la chini kwa sentimita 15 au zaidi, kamwe si kinyume chake. Bati angavu likalie lililo chini yake, na lililo juu yake lilikalie. Kwa pembeni, ukingo ulio wazi uupe kisogo upepo unaoleta mvua. Ikiwezekana, bati angavu liwe refu kutoka kofia ya paa hadi ukingoni, ili mpandano wa juu na chini usiwepo kabisa. Paa nyingi zinazovuja zimeharibika hapa, wala si kwa ubovu wa bati.

Misumari hupigwa juu ya mgongo, si bondeni panapopita maji, na iwe na mpira chini ya kofia yake. Tundu hutobolewa kwanza, pana kidogo kuliko msumari, kwa sababu plastiki hutanuka juani zaidi kuliko chuma na ikibanwa hupasuka. Fundi asikanyage bati hilo hata mara moja: huweka ubao juu ya papi na kusimama hapo. Anayehofia wizi hufunga wavu wa chuma chini yake. Penye dari, mwanga hukwama juu ya dari. Hapo hujengwa kisanduku cha mbao kutoka kwenye bati hadi darini, kikapakwa rangi nyeupe ndani.

Kwa asiyemudu bati, ipo chupa. Mwaka 2002 Alfredo Moser, fundi makanika wa Uberaba nchini Brazil, alijaza maji kwenye chupa ya plastiki ya lita 2, akaongeza vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo ili maji yasiote ukijani, kisha akaipachika kwenye tundu la paa. Maji hupinda mwanga na kuutawanya kama balbu ya wati 40 hadi 60. Mbinu hiyo imefika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Tundu lake ni dogo, hivyo joto haliingii kwa wingi, ila kiungio cha chupa na bati lazima kizibwe vizuri sana, na usiku haitoi chochote.

Jua hulifanya bati angavu kuwa la njano na kulikausha hadi likatike, nalo hubadilishwa likiwa limefifia, kabla ya kupasuka. Vumbi la Handeni hulifunika upesi, hivyo lifutwe kwa kitambaa na maji kabla ya vuli. Wanaokinga maji ya mvua kwa bati, jambo la lazima katika wilaya yenye uhaba wa maji, wafanye usafi huo kabla mapipa hayajawekwa chini ya mfereji.