Bangi na kifafa: Mambo ya kujua kabla ya kumpa mtoto dawa ya mitishamba

Wazazi wenye watoto wanaougua kifafa huuliza mara kwa mara: je, ni kweli bangi inatibu ugonjwa huu? Jibu ni kwamba kemikali moja iliyotokana na mmea huo imethibitika kuwasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini bangi yenyewe si dawa ya kifafa.

Bangi ina kemikali nyingi. Mbili zinajulikana zaidi: THC, ambayo ndiyo inayolevya, na kanabidioli (CBD), ambayo hailevyi. Ni hii ya pili iliyochujwa na kupimwa kwa wagonjwa.

Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali kinachoanza utotoni. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Waliopewa kanabidioli, degedege zao zilipungua kutoka wastani wa 12 kwa mwezi hadi 6. Waliopewa dawa isiyo na kiambato walitoka 15 hadi 14 tu. Waliopona degedege kabisa walikuwa asilimia 5.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa hiyo ya maji kwa ugonjwa wa Dravet na ule wa Lennox-Gastaut. Dozi hupangwa kwa uzito wa mgonjwa.

Ina madhara yake

Dawa hii huweza kuleta usingizi mzito, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Inaweza pia kuathiri ini, hasa mgonjwa akitumia pamoja na valproeti. Ndiyo maana daktari hupima damu kabla na wakati wa matibabu.

Majani yaliyochemshwa au mafuta ya mtaani hayana kipimo. Mzazi hajui ni kiasi gani cha kanabidioli kimo, wala THC ni kiasi gani, na THC ina hatari kwa ubongo wa mtoto unaokua. Aidha, bangi imepigwa marufuku kisheria nchini.

Si kila kitokacho kwenye mmea ni salama. Mafuta ya kafuri na ya mkaratusi, yakimezwa, yanaweza yenyewe kusababisha degedege.

Usikatishe dawa

Hatari kubwa zaidi ni kuacha dawa za hospitali ili kujaribu mitishamba. Kusimamisha fenobabitali ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo zisizokoma, na mgonjwa akapoteza maisha. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata matibabu sahihi, na dawa za msingi ni za bei nafuu.

Kama tayari unampa mtoto dawa ya asili, mweleze daktari bila kuficha. Hakuna aibu, anahitaji kujua ili dawa zisigongane.

Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari karibu naye na usimtie chochote mdomoni. Degedege ikizidi dakika 5, au ikijirudia kabla hajazinduka, mkimbize hospitali.