Baiskeli ya Umeme kwa Kazi za Chama: Mwendo, Gharama na Usalama



Kazi ya katibu wa chama cha msingi haimaliziki mezani. Msimu wa korosho unapofunguliwa hana budi kwenda ghala hadi ghala, kukagua mizani, kuhesabu magunia na kufikisha hati kwa wakati, kwa kuwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani hati ikichelewa na malipo ya mkulima huchelewa. Pikipiki ina gharama ya mafuta kila siku, na baiskeli ya kawaida huchosha katika njia za mchanga. Kwa sababu hiyo yafaa tuielewe baiskeli ya umeme, ambayo fundi mwenye ujuzi aweza kuiunda kutokana na baiskeli ya kawaida, ili Mkutano Mkuu ukiletewa shauri hilo uamue kwa hesabu wala si kwa tamaa ya kitu kipya.

Wazo lenyewe ni la zamani. Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton wa Marekani alipata hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni betri nyepesi. Betri za lithiamu zimeondoa kikwazo hicho.

Sehemu zake

Sehemu kuu ni nne: mota iliyomo katika gurudumu, betri, kidhibiti kinachopima umeme unaokwenda kwenye mota, na kishikio cha kuongezea mwendo. Mota yenye nguvu ifungwe gurudumu la nyuma, kwa maana uma wa mbele wa baiskeli nyingi ni mwembamba. Ekseli yake lazima izuiwe kwa kipande cha chuma kilichobanwa kwenye fremu, la sivyo huweza kujizungusha, ikakata waya na kulichomoa gurudumu. Fyuzi iwekwe karibu na betri. Breki za zamani zinazobana rimu ya chuma hazifai, hasa rimu inapolowa; ziwekwe breki za diski mbele na nyuma.

Mwendo una bei yake

Wengi huuliza kwanza, "Itakimbia kiasi gani?" Jibu la kitaalamu ni kwamba upepo ndio mpinzani mkubwa. Kwenye barabara tambarare, mpanda baiskeli aendaye kilomita 25 kwa saa huhitaji nguvu ya wati 180 hivi. Akitaka kilomita 45 kwa saa, huhitaji wati zipatazo 800. Mwendo haujafika mara mbili, lakini nguvu imezidi mara nne. Betri huisha mapema, na mota hupata joto.

Hatari nayo huongezeka. Kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana breki huwa mara nne. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme ya kawaida huruhusiwa mota ya wati 250, nayo mota huacha kusaidia mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Kwa katibu anayepita njia yenye mchanga, mbuzi na watoto wa shule, kipimo hicho kinatosha. Chama kikitaka chombo cha kasi zaidi ya hapo kitumike kwenye barabara kuu ya Kilwa, kwanza kiulize polisi wa usalama barabarani kuhusu usajili, leseni na bima.

Hesabu ya umeme

Betri ya volti 48 na ampea-saa 13 hubeba wati-saa 624. Kuijaza huhitaji takriban robo tatu ya uniti moja ya umeme. Kwenye lami, kwa mwendo wa wastani huku mpandaji akisaidia kwa miguu, kilomita moja hutumia wati-saa 12 hivi. Kwenye mchanga zaweza kufika 20 au kupita. Kwa hiyo katibu apange safari ya kilomita 25 za njia mbaya, kwenda na kurudi, na betri ibaki na akiba. Tena lipo la kutufurahisha: Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, liko katika mto wetu huu wa Rufiji.

Gharama kubwa basi si umeme bali ni betri, ambayo huchakaa. Tuseme imenunuliwa kwa shilingi 800,000 na itadumu miaka 4. Chama kitenge shilingi 200,000 kila mwaka. Kisipofanya hivyo, mwaka wa tano kitabaki na fremu tupu.

Vyama vya delta

Kwa wenzetu wa visiwa vya delta hali ni nyingine. Barabara hukomea Nyamisati, na mbele ni mashua na maji kupwa na kujaa. Baiskeli haitaondoa tatizo la mashua, na maji ya chumvi hula waya na viungo vya betri. Ikibidi kuivusha, betri itolewe, ifungwe katika mfuko usiopitisha maji na ibebwe juu. Betri iliyozama isijazwe umeme tena, kwani huweza kuwaka moto hata baada ya siku kadhaa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitufundisha kuweka mali za chama mahali palipoinuka, na betri ni miongoni mwa mali hizo.

Wajibu wa chama

Kwanza, ununuzi uwemo katika makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Pili, fundi aandikiwe mkataba unaotaja kila kifaa na muda wa dhamana. Tatu, chombo kiingizwe katika rejista ya mali kwa jina la chama. Nne, liwepo daftari la safari: tarehe, mwendaji, kazi na kilomita. Tano, betri isiachwe ikijazwa umeme usiku bila mtu, wala karibu na magunia ya korosho. Moto mmoja waweza kuteketeza jasho la msimu mzima.

Chama kisichoweza kuyatimiza haya matano kisubiri. Baiskeli ya kawaida iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko ya umeme iliyolala stoo, kwa maana fedha iliyolala humo ni ya mwanachama.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika