Swichi ya metali: kutoka ubongo wa panya hadi vumbi la Likasi

Wasomaji wa Kikula, Panda na Shituru, mjini Likasi, wanazidi kuuliza: je, maziwa yanaosha madini mwilini? Hapana. Na anayekuuzia unga wa kusafisha damu anakula pesa yako.

Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti ilikuwa juu mno, hasa kwa watoto.

Mwili una kinga yake dhidi ya baadhi ya metali. Metalothioneini, protini iliyojaa kwenye ini na figo, hukamata zinki, shaba na kadimiamu. Kinachonivutia zaidi ni swichi ya jeni yake: metali ikiongezeka ndani ya seli, jeni inawaka. Mwaka 1983 watafiti Richard Palmiter, Ralph Brinster na wenzao waliichukua swichi hiyo, wakaiunganisha na jeni ya homoni ya ukuaji ya binadamu, wakaidunga katika mayai ya panya yaliyorutubishwa. Panya waliozaliwa wakawapita ndugu zao kwa ukubwa. Homoni ambayo kwa kawaida hutoka kwenye tezi ya pituitari sasa ilitengenezwa hata na ini, na zinki ikichochea.

Halafu ukaja ubongo. Mwaka 1985 mtafiti Larry Swanson na wenzake waliripoti kwamba jeni hizo za kuunganishwa ziliwaka pia ndani ya seli za neva, tena za makundi fulani tu, kwa mpangilio usiotarajiwa kwa swichi peke yake wala kwa jeni ya homoni peke yake. Vipande viwili vinavyojulikana vizuri vilipokutana, vilizaa amri mpya kabisa!

Wauzaji wa vidonge vya kurefusha watoto wasikie na hili: majike wengi wa panya hao wakubwa walikuwa tasa, na homoni ilipozidi katika maisha yao yote, figo ziliharibika.

Turudi kwenye vumbi la Likasi. Kadimiamu iliyokwisha kushikwa kwenye figo hukaa humo miaka zaidi ya 10. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaing'oi. Nawa kabla ya kula, osha mboga, lowesha sakafu kabla ya kufagia. Baba na mama, msiruhusu nguo za mgodini na mawe ya madini viingie nyumbani wanakolala watoto.