Kulinda Goli na Kushambulia kwa Kushtukiza

Muhula uliopita timu yetu ilifungwa mabao matatu kwa moja hapa hapa nyumbani, na mawili kati ya hayo yalipitia upande wangu. Mimi ndiye niliyevaa jezi namba 2. Kila tulipopata mpira nilipanda mbele kama mtu aliyesikia kengele ya chakula, na kila ulipopotea nilikuwa wa mwisho kurudi. Wengi wenu mlinizomea, na mlikuwa na haki. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kutazama, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wengi hudhani kulinda ni watu kumi kujazana mbele ya kipa kama mbuzi waliokimbia mvua. Sivyo hata kidogo! Timu hupangwa kwa safu: mabeki wanne, viungo watano mbele yao, kisha mshambulizi mmoja. Kutoka safu ya mabeki hadi ya viungo iwe kama hatua kumi hivi, ili mpinzani akipenya katikati asipate hata nafasi ya kugeuka. Mpira ukienda kulia, safu zote mbili husogea kulia pamoja. Upande wa kushoto unaachwa wazi, naam, kwa sababu mpira wa kuvuka uwanja mzima hukaa hewani muda mrefu, na ukitua sisi tumesharudi. Wapinzani wasukumwe pembeni, kwani kule mstari wa uwanja ni mchezaji wetu wa kumi na mbili.

Jambo gumu ni kutoufuata mpira. Macho yanautaka, miguu nayo inayafuata macho. Beki mmoja akitoka kwenye safu, jirani yake lazima ajaze pengo, na wa tatu ajaze la huyo wa pili. Mmoja akilala, kwisha.

Tarehe 10 Agosti 2025 Harambee Stars ya kocha Benni McCarthy ilikutana na Moroko pale Kasarani katika michuano ya CHAN. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42. Kabla ya mapumziko mwenzao mmoja akaonyeshwa kadi nyekundu, wakabaki kumi. Kipindi chote cha pili walibana nyuma, na mechi ikaisha 1-0. Na hao Moroko ndio waliokuja kulitwaa kombe!

Sasa kushtukiza. Mpira ukinyakuliwa, pasi ya kwanza iende mbele upesi, maana wapinzani wamepanda na nyuma yao kuna shamba tupu. Sheria inasema mchezaji aliye katika nusu yake mwenyewe haotei. Basi namba 9 asimame hatua moja tu ndani ya nusu yetu, asubiri. Wakimbie watatu: yeye pamoja na mawinga, namba 7 na 11, wakiwa wametawanyika. Wengine wabaki.

Inter ya Milan ilichukua Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965 kwa mtindo ambao Waitaliano waliupa jina la komeo la mlango. Beki wao wa kushoto, Giacinto Facchetti, alikuwa akipanda na hata kufunga, lakini nyuma kabisa alibaki Armando Picchi akifagia. Mimi nilipanda kama Facchetti bila kuwa na Picchi.

Huku Kilungu kuna hesabu nyingine tena. Uwanja wetu umechongwa mlimani, na goli moja liko chini kuliko lingine. Pasi ndefu ya kuteremka haisimami ng'o. Humpita namba 9, ikampita kipa, ikaishia kwenye matuta ya mahindi ya watu huko bondeni. Kwa hiyo tukishambulia kuteremka, pasi iwe fupi, ya miguuni. Tukishambulia kupanda ndipo ipigwe ndefu, kwa kuwa mlima wenyewe huupunguza mwendo.

Mwalimu wa michezo amenivua namba 2 na kunipa namba 6, yule wa kubaki nyuma wenzake wakikimbia. Marudiano ni muhula huu, na safari hii sisi ndio tunaokwenda kwao.