Ninakula, mbona sinenepi? Neno kwa vijana wa Kisangani na wazazi wao



Kuna swali ambalo vijana hutuletea baada ya ibada, mara nyingi kwa sauti ya chini, wakingoja kwanza watu wengine watoke. "Papa, mimi ninakula. Mbona sinenepi?" Wengine wao wameanza kunyanyua vyuma jioni, vile vya kumimina saruji ndani ya makopo mawili na kuyaunganisha kwa bomba, na baada ya miezi mitatu mikono ni ileile. Wengine wamekwisha kununua vidonge. Ni kwa ajili ya hao wa vidonge hasa tumeona tusinyamaze.

Kwetu kukonda si jambo dogo. Mtu aliyenenepa husifiwa: mambo yake yanakwenda, mke anamtunza, Mungu amemkumbuka. Mtu aliyekonda hutafutiwa sababu: ana sida, amerogwa, kuna dhambi anayoificha. Maneno hayo tumeyasikia hata mlangoni pa kanisa, na tunaona haya kuyaandika, lakini ndiyo yanayomsukuma kijana kwenda kwenye meza ya dawa sokoni kabla hajaenda kwa muuguzi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mara nyingi jibu liko hapo.

Mwili hutumia nguvu kama taa inavyotumia mafuta, na nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Ukila kalori nyingi kuliko unazotumia, uzito unapanda. Ukila chache, mwili unajichoma wenyewe: mafuta kwanza, na nyama ya misuli pamoja nayo. Sasa mfikirie kijana wa toleka, anayebeba abiria kwa kinga kutoka Mangobo mpaka soko kuu na kurudi, kutwa nzima. Tuseme ana urefu wa mita 1.70 na kilo 52. Kwa urefu huo, wauguzi humhesabu mtu kuwa mwembamba kupita kiasi akiwa chini ya kilo 53 na nusu hivi, kwa hiyo huyu amekwisha kushuka chini ya mstari. Akikaa tu nyumbani angehitaji karibu kalori 2000 kwa siku. Lakini kila saa ya kukanyaga kinga na mtu nyuma humla kalori 250 au zaidi. Saa tano za namna hiyo humfikisha kwenye 3000 na kitu.

Na anakula nini? Asubuhi chai ya sukari na mikate miwili. Mchana ndizi moja, au maji tu, kwa sababu kusimama ni kupoteza abiria. Usiku fufu na pondu, sahani kubwa, mpaka tumbo linakaza. Anaposema "ninakula" hasemi uongo. Tumbo limejaa kweli. Lakini fufu iliyopikwa ni maji kwa sehemu kubwa, na majani ya pondu ni maji zaidi ya fufu. Gramu 100 za fufu sahanini zina kalori kama 120 tu. Kula kalori 3000 kwa fufu peke yake ni kumeza kilo mbili na nusu kila siku, jambo ambalo hakuna tumbo la mtu mwembamba litakalolikubali. Kwa hiyo kijana huyu hafiki 2000, anashiba na huku anapungua, na anadhani amerogwa.

Wapendwa, siri kubwa ya jambo hili ni kwamba mtu mwembamba hahitaji mlima mkubwa zaidi wa fufu. Anahitaji chakula kilekile kiwe kizito zaidi, na kije mara nyingi zaidi.

Kizito kwa nini? Kwa mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Sisi watu wa Tshopo tumezungukwa na michikichi. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kalori kama 120, sawa na zile gramu 100 za fufu, na hakichukui nafasi tumboni. Vijiko viwili juu ya pondu, au juu ya lituma ya ndizi, vimeongeza 240 bila mlaji kuhisi. Mawese mekundu yana pia vitamini A, mradi yasichomwe mpaka yatoe moshi na kugeuka meupe, kama wapishi wengine wanavyopenda. Kisha karanga: gramu 50, ambazo ni kiganja kimoja au kimoja na nusu, zina kalori 280 hivi. Zinakaa mfukoni, zinaliwa ukingojea abiria. Angalieni tu ukungu, maana katika mji wetu wenye mvua karibu mwaka mzima karanga huoza upesi, na ukungu wake una sumu inayoharibu ini. Karanga iliyokunjamana, yenye rangi ya kijani au yenye uchungu, tupeni. Avoka moja kubwa ina 300. Kikombe kikubwa cha uji wa mahindi uliotiwa karanga za kusaga na sukari kina 300 vilevile, na uji una faida moja ambayo waliopoteza hamu ya kula wanaijua: kunywa ni rahisi kuliko kutafuna.

Jumlisheni. Mawese, karanga, avoka na uji vimeleta zaidi ya 1000, na sahani ya fufu haijaongezwa hata tonge.

Kuhusu mara nyingi, tunapenda kumkumbuka nabii Elia katika 1 Wafalme 19. Alikuwa amechoka hata akaomba kufa. Malaika hakumhubiria kwanza. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mara mbili, si karamu moja. Kijana wa toleka afanye hivyo: ale kitu saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi na usiku, hata kama ni kidogo. Wiki ya kwanza tumbo litakataa. Wiki ya tatu litaanza kudai lenyewe.

Sasa misuli. Mafuta na wanga huleta uzito, lakini nyama ya mwili hujengwa na protini, na hapa ndipo muhogo unapotudanganya kabisa, kwa kuwa karibu hauna. Mwenye kilo 52 anayenyanyua vyuma kwa bidii anahitaji kama gramu 80 za protini kwa siku. Si lazima anunue unga wa kopo unaotoka ng'ambo. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini gramu 20 hivi, na karanga gramu 25. Samaki mkavu na viwavi vikavu, ambavyo wengi wetu tunaviita mbinzo, vinapita gramu 50 katika kila gramu 100. Msimu wa mbinzo ukifika, kijana wa Kisangani ana chakula cha misuli ambacho mnyanyua vyuma wa Ulaya angekitamani. Wandugu wa Bukavu na Goma wana sambaza zao, na wa Uvira wana ndagala. Zisitumiwe kama kiungo cha kunukisha mboga tu. Na vyuma vyenyewe, mara tatu kwa wiki zinatosha, na usingizi wa usiku juu yake, kwa maana misuli hukua mtu akiwa amelala. Anayetoka kwenye toleka na kunyanyua kila siku mpaka saa nne usiku anabomoa tu.

Tunajua kwamba kwa nyumba nyingine maneno haya yanasikika kama mzaha. Tangu mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga na Ubundu yamewaondoa watu wengi kwenye mashamba yao, na waliokimbilia mjini wamekula walichopewa. Mama anayegawa sahani moja kwa watoto sita haulizi kalori. Kwa mama huyo tunasema moja tu: mkiwa na kidogo cha kuongeza, ongezeni mawese na karanga kabla ya kuongeza unga.

Tuje kwenye vidonge. Vinavyouzwa mijini kwetu "kwa kunenepesha" huwa mara nyingi ni dawa mbili, peke yake au zikichanganywa: dekisametazoni na siproheptadini. Zote mbili ni dawa za kweli. Ya kwanza madaktari huitumia kutuliza uvimbe mkali na magonjwa mengine mazito, na ya pili ni ya mzio. Hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima wa afya anayetaka mashavu.

Siproheptadini huleta njaa, ni kweli. Huleta pia usingizi, na mwenye toleka au motopikipiki anayesinzia katikati ya magari ni hatari kwake na kwa abiria wake. Ukiiacha, njaa nayo inaondoka, na uzito unaifuata.

Dekisametazoni ni mbaya zaidi, na ndiyo inayosifiwa zaidi, kwa sababu baada ya majuma machache uso umekuwa mviringo na watu wanasema "amebarikiwa". Ule uso ni maji na mafuta. Wakati uso unavimba, mikono na mapaja yanapungua, kwa kuwa dawa hii ikitumiwa muda mrefu huila misuli. Kijana aliyekuja kutafuta misuli amelipa pesa ili aipoteze. Pamoja na hayo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na hushusha kinga ya mwili, hata kifua kikuu kilichokuwa kimelala ndani kinaweza kuamka.

Na hapa tunaomba msome polepole. Mtu aliyeimeza kwa majuma mengi asiitupe siku moja kwa sababu amesoma makala hii. Mwili wake umeacha kutengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo, na kuikata ghafula kunaweza kumwangusha: udhaifu mkubwa, kutapika, kuzimia, hata kufa. Aende kituo cha afya, aseme ukweli wote, apunguziwe kidogo kidogo. Wazazi, msimgombeze siku hiyo. Mgombezeni baadaye, ikibidi.

Kuna pia kukonda ambako si suala la sahani. Sehemu zetu zinalijua hilo tangu zamani. Daktari Clement Chesterman alipofika mwaka 1920 katika misheni ya Wabatisti kule Yakusu, chini kidogo ya mji wetu kando ya mto, malale yalikuwa yakimaliza vijiji, na hakuna chakula ambacho kingewanenepesha wagonjwa wale bila sindano. Leo mambo ya kuchunguza kwanza ni mengine. Kikohozi kinachopita wiki mbili, jasho la usiku, homa za jioni: huo unaweza kuwa kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bure. Kiu kali na mkojo mwingi huku unakula vizuri: sukari. Moyo unaokwenda mbio na mikono inayotetemeka: tezi ya shingoni. Kuhara kusikokwisha, minyoo, virusi vya sida, vyote vina kipimo na vyote vina matibabu. Mtoto au kijana mwenye SS naye hutumia nguvu nyingi kuliko wenzake hata akiwa amekaa, wala si mvivu wa kula. Anayepoteza kilo tatu au nne bila kutaka, apimwe kabla ya kuombewa na baada ya kuombewa.

Neno la kufunga, maana tumeulizwa. Baadhi ya vijana hufunga siku 21 pamoja na kanisa na huku wanataka kunenepa, wakimtaja Danieli na rafiki zake waliokula mboga na kuonekana wanene kuliko wote. Lakini Danieli katika sura ile ya kwanza hakufunga. Alichagua chakula gani ale, na akala kila siku kwa siku kumi. Kijana aliye chini ya ule mstari wa wauguzi anaweza kuungana na kanisa kwa njia nyingine, kwa kuamka usiku kuomba au kwa kuacha simu, na Papa Pasta amwambie hivyo waziwazi ili asijione amerudi nyuma kiimani. Mwenye dawa za kifua kikuu, mwenye sukari na mama mjamzito wasiongojewe mpaka waulize.

Anayeanza kesho, apimwe kwenye mizani ya kituo cha afya, aandike namba, kisha arudi baada ya wiki mbili, kwenye mizani ileile na saa ileile. Kilo moja au mbili kwa mwezi ni mwendo mzuri. Ikiwa namba haikupanda, aongeze kikombe kimoja cha uji, asubiri wiki mbili nyingine. Kwaya zinazofanya mazoezi Jumamosi kuanzia saa tisa mpaka giza zinaweza kuanza na hilo hilo: sufuria moja ya uji wa mahindi na karanga katikati ya mazoezi, wala isiwe baada ya mazoezi, wakati wenye njaa zaidi wamekwisha kuondoka kwenda kutafuta abiria.